Jinsi ya kuvua straipa, chotara na sandi kwenye Ziwa Texoma

Watu wa kwetu wanaoishi Dallas na vitongoji vyake wengi wameshafika Texoma angalau mara moja. Ni mwendo wa saa moja na nusu hivi kwa gari, unashika barabara ya 75 kuelekea kaskazini hadi Denison. Wanafika Jumamosi saa nne asubuhi, jua limeshapanda, wanatupa mshipi kutoka ufukweni, wanakunjua viti na kungoja. Jioni wanarudi na kambare wawili na maneno kwamba ziwa halina samaki.

Samaki wapo, tena tele. Ila straipa, yaani besi mwenye milia (striped bass), hangojwi. Anatembea kwa makundi, anahama mchana kutwa akifuata chakula chake, na pale alipokuwa asubuhi, saa tano hayupo. Kazi ya mvuvi wa straipa ni kutafuta kwanza, kutega baadaye. Yote yaliyomo kwenye mwongozo huu yanarudi hapo.

Kwanza ulijue ziwa na chakula chake

Texoma ni ziwa lililotokana na bwawa la kuzuia mto. Bwawa la Denison lilikamilika mwaka 1944 kwenye Mto Red, mpakani mwa Texas na Oklahoma, likazuia maji ya mto huo pamoja na ya Mto Washita. Ndiyo maana ziwa lina mikono miwili mikubwa: mmoja wa Red, upande wa magharibi, na mwingine wa Washita, upande wa kaskazini. Ukubwa wake ni kama kilomita za mraba 360, na sehemu kubwa ya maji hayo iko Oklahoma.

Straipa hapo ni mgeni. Kwao ni pwani ya Atlantiki ya Marekani, anaishi baharini na kupanda mitoni kutaga. Miaka ya 1940 mabwawa ya Santee na Cooper huko South Carolina yaliwafungia baadhi yao ndani, ikaja kuonekana kwamba wanaishi na kuzaana bila kuiona bahari tena. Maziwa mengine yakataka nayo. Oklahoma ilianza kuwapandikiza Texoma mwaka 1965, ikaendelea mpaka 1974, kisha ikaacha kwa sababu samaki walikuwa wanazaana wenyewe.

Hilo ni jambo la nadra. Yai la straipa linatakiwa libebwe na mkondo kwa siku mbili hivi hadi lianguliwe. Likizama kwenye tope linakufa. Kwa Texoma, Red na Washita zote zina masafa marefu ya maji yanayotembea kabla ya kufika ziwani, na maji ya Red yanapita kwenye miamba yenye chumvi huko magharibi, kwa hiyo yana chumvichumvi inayosaidia yai kuelea. Maziwa mengi mengine ya Marekani lazima yaletewe vifaranga kila mara, la sivyo straipa wanaisha.

Chakula chao ni shedi, samaki mdogo wa rangi ya fedha anayetembea kwa mawingu. Ni jamaa wa karibu wa dagaa wa Kigoma. Ukimpata shedi umempata straipa. Ukiona maji safi, mandhari nzuri, miamba ya kupendeza, lakini hakuna shedi, washa injini uondoke.

Hatua ya 1: Leseni na sheria

Leseni ya kawaida ya Texas inakufaa kwenye maji ya Texas tu, na ya Oklahoma kwenye maji ya Oklahoma. Mpaka uko ndani ya ziwa na samaki hawaujui. Kwa hiyo nunua leseni maalumu ya Lake Texoma, inayokuruhusu kuvua pande zote mbili. Inakwisha tarehe 31 Desemba hata kama umeinunua Novemba, na haikufuniki ukienda kuvua mtoni chini ya bwawa.

Kwenye ziwa hili straipa na chotara (mtoto wa straipa na sandi, yaani besi mweupe) wanahesabiwa pamoja: 10 kwa mtu kwa siku, na kati yao wawili tu ndio wanaoweza kufika inchi 20 (sentimita 51 hivi) au kuzidi. Sandi ni 25 kwa siku. Usichukue hesabu hizi ukazipeleka ziwa lingine, kwa maana sheria ya jumla ya Texas ni tofauti: straipa na chotara ni 5 tu, na asiyefika inchi 18 anarudishwa majini, sandi lazima afike inchi 10. Sheria hubadilika, kwa hiyo kila mwaka pitia ukurasa wa Texas Parks and Wildlife na wa Oklahoma Department of Wildlife Conservation kabla ya kutoka nyumbani. Askari wa wanyamapori hukagua boti kwa upole sana, na kwa upole huohuo hukuandikia faini.

Jambo jingine: usimkate samaki kichwa wala mkia mkiwa bado majini. Askari anataka kumpima.

Hatua ya 2: Jua nani ni nani

Kwa kuwa idadi zinatofautiana, kuwachanganya ni hatari ya mfukoni. Wote watatu wana milia myeusi ubavuni juu ya rangi ya fedha.

Straipa ni mrefu, mwembamba kama mwili wa mwanariadha, na milia yake imenyooka bila kukatika, kadhaa ikifika mpaka mkiani. Ukimpapasa ulimi kwa kidole utakuta mabaka mawili ya meno madogo, yanakwaruza.

Sandi ndiye besi mweupe, ambaye Oklahoma wamemfanya samaki wa jimbo lao. Ni mfupi, mgongo umenyanyuka nyuma ya kichwa, milia ni hafifu, na kwa kawaida ni mmoja tu unaofika mkiani. Ulimini ana baka moja la meno. Kilo moja kwake ni ukubwa wa kujivunia.

Chotara ni mtoto wa hao wawili. Alianza kuzalishwa kwa makusudi South Carolina mwaka 1965, na leo maziwa mengi ya Texas yanapandwa yeye kwa sababu anakua haraka na anavumilia joto kuliko straipa. Ana kifua kipana kama sandi, mabaka mawili ulimini kama straipa, na milia iliyokatikakatika kama mstari uliochorwa na kalamu inayoishiwa wino. Ukibaki na shaka kama huyu ni sandi au chotara, mhesabu kama chotara.

Hatua ya 3: Vifaa

Usiingie dukani bila kujua unachotaka. Wauzaji wa pale ni hodari. Fimbo moja ya futi 7, ya ugumu wa kati, yenye rili (kigurudumu cha kukunjia mshipi) ya wazi ya ukubwa wa 3000 au 4000, inatosha kwa kurusha. Mshipi wa kusokotwa wa ratili 20 ni mzuri, lakini funga mbele yake kama mita moja ya mshipi wa fluorokaboni wa ratili 15 hadi 20, maana maji ya karibu na bwawa ni maangavu na samaki anaona. Kwa chambo hai chukua fimbo nyingine iliyo laini zaidi nchani, ili samaki akivuta asihisi ugumu mapema.

Breki ya rili iwe imelegea kiasi cha robo ya nguvu ya mshipi. Straipa akishikwa, mbio yake ya kwanza ni ya kushtua. Aliyekaza breki mpaka mwisho husikia "pwa!" na kubaki ameshika fimbo nyepesi.

Vitu vya ndoana ni vichache: ndoana za duara namba 2/0, machubwi (vizito vya mshipi) yenye tundu ya wakia 1 hadi 2, viungo vya kuzunguka, vichwa vya risasi vya wakia 1 (ndoana zenye uzito wa risasi kichwani) pamoja na shedi wa mpira wa inchi 4 au 5, vipande bapa vya risasi vilivyopakwa rangi nyeupe au kijani (wenyeji wanaviita slebu), na chambo bandia kimoja au viwili vya kuelea juu ya maji. Duka lina rangi mia. Nyeupe inakutosha mwaka mzima.

Kama una boti, sona (kifaa kinachoonyesha kwenye skrini kilichomo chini ya maji) ndiyo jicho lako. Shedi huonekana kama wingu, straipa kama pinde nene chini au pembeni mwa wingu hilo.

Hatua ya 4: Pata shedi hai kabla jua halijachomoza

Hapa waliokulia Bagamoyo, Kilwa au Lamu wanaanza na mtaji, kwa kuwa kifaa ni kilekile: kimia, wavu wa kurusha kwa mkono. Texas inaruhusu kimia kisichozidi futi 14 kwa upana. Cha futi 7 kutoka katikati hadi ukingoni chenye tundu ndogo ni cha kawaida kwa kazi hii. Kikiwa na tundu kubwa shedi wanakwama kwa matamvua na unapoteza nusu saa ukiwachomoa.

Shedi wa alfajiri hukaa mwisho wa vihori, karibu na magati yenye taa. Zima mwanga wako, nyamaza, tazama uso wa maji: utaona vidoto vidogo kama mvua inayoanza, na hapo hakuna mvua. Rusha kimia kifunguke kabla hakijagusa maji, kiache kizame hadi chini, ndipo uvute kamba kwa mkupuo mmoja. Ukivuta mapema wanapita chini ya risasi.

Sasa ndipo wengi wanapowapoteza. Shedi ni kiumbe dhaifu. Ukimshika kwa mkono mkavu magamba yanabaki kiganjani, na baada ya dakika kumi anaogelea ubavu. Wamwage kutoka kimiani moja kwa moja ndani ya tangi. Tangi liwe la duara, maana kwenye tangi la pembe nne wanajazana kwenye kona na kufa kwa kukosa hewa. Weka pampu ya hewa, chumvi ya mawe konzi moja au mbili, na wakati wa joto chupa ya barafu iliyofungwa. Usijaze kwa uroho. Shedi wachache wanaoruka ni bora kuliko ndoo ya wanaokufa. Maji yakifanya povu na magamba kuelea, badilisha sehemu yake.

Wanaofaa ni wa urefu wa kidole cha kati hadi kiganja kizima.

Hatua ya 5: Wafuate kwa majira

Hii ndiyo hatua inayotofautisha mvuvi na mtalii, kwa hiyo nitakaa nayo.

Mwishoni mwa Februari na Machi, maji yakianza kupata joto la nyuzi 12 hadi 15 za Selsiasi, sandi wanatangulia kupanda mitoni kutaga. Straipa wanafuata Aprili, maji yakifika nyuzi 15 hadi 20. Wakati huo sehemu za juu za Washita na Red zinajaa samaki, na hata mtu wa kwenye ukingo anaweza kuwafikia. Rusha kichwa cha risasi chenye mpira mweupe, vuta polepole karibu na chini, hasa pale mkondo unapopinda. Mvua kubwa ikichafua maji mto mzima unakuwa rangi ya chai ya maziwa. Subiri siku mbili tatu.

Mei shedi nao wanataga, kwenye mawe na kingo za bwawa, alfajiri. Straipa waliorudi kutoka mitoni wana njaa na wanawafuata hadi maji ya kufika magotini. Hiki ndicho kipindi cha chambo cha kuelea. Rusha sambamba na mawe, kitingishe kipige kelele "pluk, pluk", kisha kiache kitulie kidogo. Pigo linapokuja usivute kwa kushtuka; subiri uhisi uzito.

Kuanzia Juni hadi Agosti ziwa linajigawa matabaka. Juu maji ni ya moto, chini ni ya baridi lakini oksijeni imekwisha. Straipa anachukia joto la kuzidi nyuzi 25, hivyo anabanwa katikati: akipanda anaungua, akishuka anakosa hewa. Kwa mvuvi hiyo ni nafuu kubwa, kwa sababu hakuna haja ya kutafuta kwenye kina kirefu. Tazama sona; utaona mstari hafifu unaokatiza skrini, na chini yake hakuna kitu. Samaki wote wako juu ya mstari huo. Tafuta mahali ambapo mstari unagusa mgongo wa kilima kilichozama au ukingo wa mkondo wa zamani wa mto, tega shedi hai hapo. Eneo la Platter Flats upande wa Oklahoma na migongo iliyo mbele ya Eisenhower State Park ni mahali pa kuanzia.

Septemba hadi Novemba ndiyo sherehe. Maji yanapoa, matabaka yanachanganyika, straipa na sandi wanayasukuma mawingu ya shedi mpaka juu. Maji yanachemka kweli: shedi wanaruka hewani, mikia inapiga, shakwe wanapiga kelele juu. Ukiona hivyo usikimbize boti hadi katikati. Ni kosa la adabu na la uvuvi pia, kwa sababu kundi zima linazama na wavuvi wengine wanakutazama vibaya. Zunguka kwa mbali, simama upande upepo unakotoka, zima injini, upepo ukusogeze mpaka wawe ndani ya umbali wa kurusha. Rusha pembeni mwa kundi. Wale wanaoruka juu mara nyingi ni wadogo na sandi. Wakubwa wako chini wakiokota shedi waliojeruhiwa. Basi acha slebu izame mpaka chini ya vurugu, ndipo uivute kwa kupandisha na kushusha.

Desemba hadi Februari watu wengi hubaki nyumbani. Hasara ni yao. Ndege ndio wanaokuonyesha njia. Shakwe wanaozunguka juu juu bado wanatafuta kama wewe. Wanaopiga mbizi wameshapata. Waliokaa kimya juu ya maji kwa kikundi mara nyingi wamekaa juu ya samaki, wanangoja karamu ianze upya, kwa hiyo pita pale na sona kabla ya kuwadharau. Shedi wa aina ndogo hawawezi baridi, wanalegea maji yakikaribia nyuzi 7, na straipa anawaokota bila jasho. Kwa hiyo chambo chako nacho kisiwe na haraka. Shusha shedi wa mpira kwenye kichwa cha risasi hadi juu kidogo ya samaki unaowaona kwenye sona, kisha usifanye lolote. Shika fimbo tu. Boti ikicheza kwa mawimbi inatosha kukichezesha. Pigo la majira hayo ni dogo sana, kama mshipi umepata uzito wa ghafla au umelegea. Mikono inayoganda ndiyo inayokosa kulihisi, kwa hiyo valia glavu zilizokatwa vidole.

Hatua ya 6: Kutega chambo hai

Pitisha mshipi kwenye chubwi lenye tundu, funga kiungo cha kuzunguka, kisha kutoka hapo kipande cha mshipi cha sentimita 60 hadi 90, mwishoni ndoana ya duara. Mtoboe shedi puani, kutoka tundu moja hadi la pili, ncha ya ndoana ibaki wazi. Akitobolewa hapo anaogelea na kupumua vizuri kwa muda mrefu. Ukimtoboa mgongoni anazunguka kama tiara iliyokatika mkia na mshipi unajisokota.

Shusha hadi chubwi liguse chini, kunja rili mara mbili au tatu, weka fimbo kwenye kishikio. Ukiwaona samaki kwenye sona wako katikati ya maji, tega juu yao. Straipa anawinda akitazama juu. Chambo kilicho chini ya tumbo lake ni kama hakipo.

Fimbo ikianza kupigapiga, iache. Ni shedi anayeogopa, ameona kitu. Ikiinama mpaka nchani na kubaki imeinama, inyanyue taratibu huku ukikunja. Ndoana ya duara inajifunga yenyewe kwenye pembe ya mdomo. Ukivuta kwa nguvu kama ulivyozoea na ndoana za kawaida, unamtoa mdomoni. Kuwazuia marafiki wasivute ni kazi ngumu kuliko uvuvi wenyewe.

Dakika ishirini bila dalili yoyote, hama. Boti zinazorudi na samaki ni zile zilizohama mara nyingi asubuhi.

Usiku magati mengi na boti huwasha taa za kijani majini. Ni kanuni ya karabai za wavuvi wa dagaa: wadudu wadogo wanafuata mwanga, shedi wanafuata wadudu, straipa wanazunguka kwenye kivuli pembeni. Tega pale mwanga unapokutana na giza.

Kama huna boti

Njia rahisi ni kukodi mwongoza wavuvi. Wako wengi Pottsboro upande wa Texas na Kingston upande wa Oklahoma. Anatoa boti, fimbo na chambo. Wewe unakuja na leseni, chakula, maji na nguo. Mkigawana gharama watu wanne mnaona afadhali. Ulizia kabla kama bei inahusu kusafisha samaki, na weka pembeni bakshishi, kwa kuwa ni desturi. Na mwambie mapema kwamba mnataka vichwa na mifupa. Wengi wao wanakata minofu miwili na kutupa kilichobaki, wasijue kwamba wanatupa supu.

Ukitaka kuvua kwa miguu, Eisenhower State Park ina gati na kingo za mawe zinazoshuka ghafla kwenye maji marefu, nzuri asubuhi za Mei na Oktoba. Chini ya Bwawa la Denison, kwenye Mto Red, kuna straipa wakubwa waliopita kwenye mitambo na kubaki. Mkondo ni mkali na maji yanapanda ghafla wakifungua mitambo ya umeme. Ukisikia king'ora, toka majini bila kukusanya vitu.

Na kama safari ya Texoma ni mbali, Ziwa Lewisville na Ziwa Ray Hubbard ziko mlangoni mwa Dallas, zina sandi na chotara, na slebu ileile nyeupe inafanya kazi. Kumbuka tu sheria ni zile za jumla.

Usalama, bila mzaha

Texoma ni pana na upepo wa kusini ukianza kuvuma mchana, mawimbi yanafanana na ya bahari ila yanakaribiana zaidi, boti ndogo inajazwa. Zaidi ya maili 20 kwa saa kwenye utabiri, boti ya chini ya futi 20 ibaki nyumbani. Sheria ya Texas inataka kila mtu awe na jaketi la kujiokolea ndani ya boti, na mtoto wa chini ya miaka 13 alivae muda wote boti inapotembea. Mimi naongeza: wengi wetu hatujui kuogelea, kwa hiyo watu wazima nao walivae. Jaketi lililo chini ya kiti halijamwokoa mtu. Maji ya Januari yanakunyang'anya nguvu za mikono kwa dakika chache hata kama ni hodari wa kuogelea.

Ukiondoka, fungua vizibo vyote na umwage maji ya boti na ya tangi la chambo. Kome wadogo wenye milia waligunduliwa ziwani humo mwaka 2009, wakiwa wa kwanza Texas, na wanasafiri ndani ya maji yaliyobaki. Kumwaga ni sheria.

Kutoka ndoana hadi sufuria

Mapezi ya mgongoni yana miiba, na ukingo wa shavu la straipa unakata kama wembe. Mshike mdomo wa chini kwa kidole gumba, meno yake hayana madhara.

Juni hadi Septemba usivue kwa kurudisha. Samaki aliyevutwa kutoka kwenye maji ya baridi hadi kwenye joto la juu mara nyingi anakufa hata kama ameogelea akaondoka. Chukua wanaoruhusiwa, ukifikisha idadi acha kutega. Wala usimweke mmoja kwenye tangi ukisubiri kumbadilisha na mkubwa.

Mkate mishipa ya matamvua damu itoke, kisha mtumbukize kwenye kasha lenye barafu na maji kidogo. Barafu bila maji inagusa upande mmoja tu. Nyama iliyokaa juani nusu saa inalainika na kunuka.

Ukitoa minofu na ngozi, utaona ubavuni ukanda wa nyama nyekundu. Huo ndio unaowafanya watu waseme sandi ananuka tope. Uchonge wote kwa kisu chembamba, kilichobaki ni nyama nyeupe, ngumu kiasi, isiyovunjika chunguni. Ipake ndimu, kitunguu saumu, tangawizi na chumvi, ikae nusu saa, kaanga kwa mafuta ya moto hadi iwe kahawia, ndipo uitie kwenye tui zito lenye nyanya na pilipili dakika tano za mwisho. Ukiiweka kwenye tui mbichi inatoa maji na mchuzi unakuwa mwepesi. Vichwa vitoe matamvua, vioshe kwa chumvi, vichemshe na ndizi mbichi. Minofu ya ziada igandishe ikiwa imezamishwa kwenye maji ndani ya mfuko, inakaa miezi mitatu bila kukauka kingo.